Kiolezo: Ukurasa Mweupe Usio Mtupu

Mwalimu wa sekondari katika Mji Mkongwe wa Unguja, afunguapo kompyuta ili kuandaa mtihani, hukutana na ukurasa mweupe. Hudhaniwa kuwa mtupu, kumbe sivyo. Ukubwa wa karatasi, upana wa pambizo, umbo la herufi na hata lugha ya waraka vimekwisha kuamuliwa na watu wengine. Maamuzi hayo hukaa katika faili liitwalo kiolezo. Kama seremala afuatavyo kiolezo chake katika kuchora nakshi za mlango, programu ya kuandikia hunakili faili hilo kila waraka mpya unapoanzishwa. Katika Microsoft Word, tangu toleo la mwaka 2007, jina lake ni Normal.dotm.

Tuanze na karatasi. Marekani hutumia Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Tanzania, kama nchi nyingi duniani, hutumia A4, yenye milimita 210 kwa 297. Kiolezo kikiwa cha Letter, kila ukurasa hupungua kimo kwa milimita 18, yaani mistari mitatu hivi. Swali la mwisho laweza kusukumwa hadi ukurasa mwingine, na darasa la wanafunzi 90 likadai karatasi 90 zaidi.

Lugha ni jambo zito zaidi. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Hata hivyo, kiolezo kikiwa cha Kiingereza, insha safi iandikwayo Unguja hupigiwa mistari myekundu karibu kila neno. Ubaya si rangi. Mwanafunzi huzoea kuipuuza mistari yote, na kosa la kweli, tuseme "mwalinu", hupita pamoja na maneno yasiyo na hatia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Lakini menyu ni jambo moja, na lugha iliyotajwa katika kiolezo ni jingine.

Kurekebisha waraka mmoja hakutoshi, kwani kesho kiolezo kitarudia yale yale. Yafaa kufungua kiolezo chenyewe, kuweka A4 na Kiswahili, kisha kukihifadhi. Nyaraka za zamani hazitabadilika. Aidha, kwa kawaida kila mtumiaji ana kiolezo chake. Kwa hiyo, katika chumba cha kompyuta cha shule, kazi hiyo hurudiwa kwa kila akaunti.