Ukuta wa Utumbo na Urefu wa Mtoto

Udumavu, yaani hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake, kwa kawaida huelezwa kuwa ni matokeo ya kukosa chakula, na maelezo hayo yana ukweli wake, ingawa hayatoshi. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban asilimia 30 ya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na miongoni mwa mikoa iliyoongoza ilikuwemo Iringa, Njombe na Rukwa, ambako karibu nusu ya watoto au zaidi walikutwa katika hali hiyo, ilhali ni mikoa inayovuna mahindi kwa wingi na kulisha sehemu nyingine za nchi. Sehemu ya jibu imo katika sahani isiyo na mchanganyiko wa vyakula, na nyingine katika kazi za shamba zinazomnyima mama muda wa kumlisha mtoto mara kwa mara. Lakini ipo sehemu isiyosemwa sana nje ya maabara, nayo imo ndani ya utumbo mwembamba wa mtoto mwenyewe.

Utumbo huo umefunikwa kwa ndani na vinyweleo, yaani vijinyama vyembamba vyenye urefu usiozidi milimita moja hivi, vilivyosongamana kiasi kwamba vikitazamwa kwa hadubini hufanana na zulia la manyoya, na kazi yake ni kupanua eneo la kufyonzea virutubisho. Vitabu vingi vimekuwa vikidai kwamba utando wa njia ya chakula ukitandazwa utaenea uwanja wa tenisi, dai ambalo watafiti wawili wa Sweden walilipima upya mwaka 2014 na kupata wastani wa mita za mraba 32 tu, eneo ambalo hata hivyo linazidi ngozi yote ya mtu mzima kwa mara nyingi. Kinachotenganisha eneo hilo na damu ni safu moja ya seli, ambazo huzaliwa na kupukutika ndani ya siku 3 hadi 5, na ambazo hushikanishwa na vifungo vya protini vinavyopaswa kupitisha maji na chumvi huku vikizuia bakteria. Ukuta huu basi unadaiwa kazi mbili zinazokinzana, kupokea na kukataa kwa wakati mmoja, na ukidhoofika hushindwa zote mbili.

Mtoto anayemeza vijidudu vya kinyesi siku baada ya siku, kupitia maji, udongo au vidole vyake, anaweza kudhoofika ukuta huo pasipo kuharisha hata kidogo: vinyweleo hufupika na kuwa butu, vifungo hulegea, na seli za kinga hujazana chini ya utando zikiwa katika mapambano yasiyokwisha. Wataalamu huiita hali hiyo enteropathi ya kimazingira, kwa maana kwamba ni maradhi ya utumbo yanayotokana na mahali mtu anapoishi na si kwa urithi. Jambo hilo lilithibitika kwa namna isiyotarajiwa katika miaka ya 1960, pale vijana wa Kimarekani wa Peace Corps waliokuwa wakijitolea nchini Pakistan walipochukuliwa vipande vidogo vya utumbo na kukutwa na uharibifu wa aina hiyo, nao ukapungua taratibu baada ya wao kurudi kwao.

Kwa kuwa si rahisi wala si haki kumkata mtoto kipande cha utumbo kwa ajili ya uchunguzi, watafiti hutumia njia ya mzunguko. Mtoto hunyweshwa maji yaliyotiwa sukari mbili ambazo mwili hauna matumizi nazo, manitoli na laktulosi, kisha mkojo wake hukusanywa kwa saa kadhaa na kupimwa. Manitoli ina molekuli ndogo ambayo hufyonzwa kwa urahisi palipo na vinyweleo vizima, hivyo ikipungua kwenye mkojo ni dalili kwamba eneo la kufyonzea limepungua. Laktulosi, kwa ukubwa wake, haina njia ya kupita isipokuwa penye upenyo, hivyo ikizidi ni dalili kwamba ukuta unavuja. Kipimo hicho kilipotumiwa kwa watoto wachanga wa kijijini nchini Gambia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991, hali ya ukuta wa utumbo iliweza kueleza takriban asilimia 43 ya kupungua kwa kasi ya ukuaji wao.

Vipande vya bakteria vinavyopenya huingia katika damu inayotoka utumboni, ambayo hupitia kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini ndilo linalotoa kwa wingi homoni ya IGF-1, inayochochea seli za gegedu kwenye ncha za mifupa mirefu zigawanyike na kuurefusha mfupa, na mwili unapokuwa katika mapambano ya kudumu homoni hiyo hupungua. Watafiti nchini Zimbabwe walichapisha mwaka 2014 matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto waliodumaa walikuwa na viashiria vya juu vya mapambano hayo pamoja na kiwango cha chini cha IGF-1 tangu miezi yao ya mwanzo. Ini hilohilo huongeza hepsidini, homoni inayozuia madini chuma yasivuke kutoka utumboni kwenda kwenye damu, na ndiyo maana mtoto anaweza kuendelea kupungukiwa damu ingawa mama yake anampa mchicha na dawa ya kuongeza damu kama alivyoelekezwa. Lawama anayotupiwa mama huyo kliniki mara nyingi haina msingi.

Chanjo nazo huathirika, hasa zile za matone, ambazo hutegemea seli za kinga zilizo ukutani mwa utumbo. Chanjo ya virusi vya rota, ambayo Tanzania inaitoa kwa watoto wote tangu mwaka 2013, ilizuia zaidi ya asilimia 85 ya kuhara kukali katika majaribio ya Ulaya, wakati jaribio lililohusisha Ghana, Kenya na Mali lilipata takriban asilimia 39. Utumbo uliochoka si sababu pekee, kwani kingamwili zinazotoka kwa mama huchangia pia. Na kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni mwingi katika nchi hizo, hata kinga hiyo pungufu huokoa maisha ya watoto wengi.

Ingetarajiwa kwamba vyoo, maji safi na sabuni vingemaliza tatizo, lakini majaribio makubwa ya magharibi mwa Kenya na ya Zimbabwe, yaliyotoa matokeo mwaka 2018 na 2019, hayakuona watoto wakirefuka kwa hatua hizo, ingawa nyongeza ya lishe ilisaidia kidogo. Huenda kosa halikuwa katika usafi bali katika kiwango chake. Uchunguzi wa vijijini Zimbabwe uliochapishwa mwaka 2013 ulishuhudia watoto wanaotambaa wakila udongo wa uani na hata kinyesi cha kuku, ambacho gramu yake moja ilikuwa na mamilioni ya bakteria wa kinyesi, na choo cha shimo, hata kiwe kizuri namna gani, hakimtoi kuku sebuleni. Dawa pia hazijawa mkato: huko Haydom, mkoani Manyara, watoto waliopewa dawa za kuua vijidudu katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021 hawakuwazidi wenzao kwa urefu walipofika miezi 18.

Haydom ilikuwa pia miongoni mwa vituo vinane duniani vilivyofuatilia watoto tangu kuzaliwa, na kubaini kwamba vijidudu kama shigela na kampilobakta, vikikutwa kwenye choo cha mtoto asiyeharisha, viliambatana na urefu mdogo baadaye. Hata hivyo, zahanati nyingi bado humpima mtoto kwa mizani na kumuuliza mama kama anaharisha, maswali ambayo mtoto wa namna hii huyajibu vizuri yote mawili, huku ubao wa kupimia urefu, usiohitaji umeme wala maabara, ukitumika kwa nadra.