Tezi za Manukato katika Ardhi ya Shaba

Kusini mwa Katanga, katika ukanda wa shaba wenye mgodi wa Kinsevere ulio kaskazini mwa Lubumbashi, kwenye vilima vyenye madini huota mmea mdogo ambao wataalamu huuita Ocimum centraliafricanum, na ambao watafuta shaba waliuchukua kuwa dalili ya madini yaliyofichika ardhini. Mmea huo ni wa jamii moja na rehani, na vilevile lumbalumba, ambayo watu wa pwani huiita kivumbasi.

Harufu ya rehani hutoka katika tezi, yaani viungo vidogo mno vinavyotengeneza na kuhifadhi mafuta yanayogeuka mvuke upesi. Jani lake likitazamwa kwa hadubini huonekana lina vinyweleo, na baadhi yake vina kichwa chenye seli nne zilizobanana, ambazo huyatengeneza mafuta na kuyatoa nje ya kuta zake, yakakusanyika chini ya utando mwembamba mpaka ukavimba kama lengelenge. Mpangilio huo unastaajabisha, kwa kuwa mafuta hayo, ambayo huulinda mmea dhidi ya wadudu, yangeweza kuidhuru seli yenyewe kama yangejaa ndani yake. Na kwa kuwa utando hupasuka kwa mguso mdogo, jani hunukia mara linapopapaswa.

Karafuu ya Pemba ni tofauti, maana tezi zake ni vifuko vilivyozama chini ya ngozi ya kikonyo, na ndiyo sababu inaweza kuanikwa juani, ikatiwa magunia na kusafirishwa mbali bila kupoteza mafuta yake mengi. Mchaichai nao huyaweka mafuta katika seli maalumu zilizo ndani ya jani, kwa hiyo jani hukatwakatwa kabla ya kutiwa katika mtambo wa mvuke wa kukeneka mafuta.

Kwa watu wa Kinsevere, ambao ardhi yao ina madini, jambo kubwa zaidi ni kwamba mvuke huyabeba mafuta peke yake, kwa sababu shaba na risasi hazigeuki mvuke kwa joto la maji yanayochemka. Nchini Bulgaria, mimea ya manukato ilipojaribiwa karibu na kiwanda cha kuyeyusha madini cha Plovdiv, majani yalifyonza madini lakini mafuta yaliyokenekwa hayakuchafuka. Zao la namna hiyo linafaa kufikiriwa kwa dhati pale ambapo udongo uliochafuliwa haustahili tena kupandwa mahindi wala mboga, mradi makapi yanayobaki mtamboni, ambayo ndiyo hubeba madini, yasilishwe mbuzi wala kufanywa mbolea ya bustani.