Gunia Chini ya Kitanda

Je, wajua kwamba mahindi yaliyo ndani ya gunia bado yanapumua? Punje ni mbegu, na mbegu ni kitu hai. Huvuta oksijeni kidogo kidogo, hutoa hewa ya kaboni na joto, na iwapo ni mbichi hutoa na mvuke. Mtu anayelala chumba kimoja na magunia matano ya mahindi analala na wapumuaji wengi sana.

Na katika Kitui na Makueni wanaolala hivyo si haba. Baada ya mavuno ya Februari, ingia chumba cha kulala kule Mutomo, Kathonzweni au Mbooni: utakuta kitanda, sanduku la nguo, na magunia yamepangwa ukutani hadi usawa wa dirisha. Ghala la jadi la Wakamba, ikumbi, lilifumwa kwa fito, likainuliwa juu ya ardhi, likasimama uani upepo ukipita chini yake. Lakini mwaka wa ukame, mahindi yaliyo uani yanaweza kuondoka kwa usiku mmoja. Basi watu wakayaingiza ndani, wakayalaza karibu na vichwa vyao. Sioni mtu wa kumlaumu hapo. Chakula cha mwaka mzima hakilindwi kwa kufuli la mlango wa nje pekee.

Tatizo ni kwamba chumba cha kulala hakikujengwa kiwe ghala. Mwaka 2004 tulilipia jambo hilo kwa roho za watu. Kufikia Julai 20 mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa na 125 kati yao wamekufa kwa sumu ya aflatoksini, wengi wakitoka Makueni na Kitui. Mahindi yalikuwa yamevunwa mapema kwa hofu ya njaa na wizi, yakaingizwa ndani yakiwa na unyevu, penye joto na hewa iliyotuama. Kuvu aitwaye Aspergillus flavus hataki zaidi ya hapo. Sampuli za mahindi zilipochukuliwa sokoni, zaidi ya nusu zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, yaani sehemu 20 katika kila sehemu bilioni. Sumu hiyo hushambulia ini. Haina ladha wala harufu ya kukuonya, na kuchemsha hakuiondoi. Kukoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi huipunguza, kwa kuwa sehemu yake hutoka na ganda, lakini haiimalizi.

Halafu kuna mdudu. Wakulima wa Kenya humwita Osama, na hawakumpa jina hilo kwa mzaha. Ana urefu wa milimita tatu au nne, mwili kama kipande cha risasi, kichwa kimeinamishwa chini ya kifua. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Alionekana Tabora, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1983 akawa amevuka hadi Taveta. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba asili yake ni mtoboa miti: ukoo wake ni wa wadudu wa mbao kavu, naye mwenyewe huweza kuishi ndani ya mti mahindi yakiisha. Fito za ghala zaweza kumtunza msimu hadi msimu. Akiingia kwenye gunia la kawaida, baada ya miezi michache utainua gunia jepesi lililojaa vumbi.

Mfuko unaomshinda mdudu huyu ukiuona dukani hauvutii macho. Nje ni gunia la plastiki iliyofumwa, lile lile tunalolijua. Ndani yake mna mifuko miwili ya polithini ngumu, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja na unene wa maikroni 80 hivi, kama unywele. Ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walioanza kazi kaskazini mwa Kameruni mwaka 1987 wakitafuta njia ya kuokoa kunde zisiliwe na fukusi bila kutia dawa. Hivyo unafaa hata kwa ndengu za Kitui, ambazo nazo zina fukusi wao. Unajaza, unakamua hewa kwa mikono, unafunga mfuko wa ndani kwa kamba, kisha wa pili, kisha gunia la nje.

Sasa fuata kinachotokea gizani mle. Wadudu walioingia na mahindi wanaendelea kula na kupumua, na oksijeni inashuka siku baada ya siku. Ikipungua mno wanaacha kula na kutaga. Tungedhani wanakufa kwa kukosa pumzi. Watafiti wa Purdue walionyesha mwaka 2012 kwamba kinachowaua zaidi ni kiu! Punje kavu haina maji ya kumtosha mdudu. Maji yake mengi huyatengeneza mwilini kwa kuunguza chakula kwa oksijeni. Oksijeni ikiisha, kisima chake kimekauka, naye anakauka pamoja nacho huku amezungukwa na chakula. Osama huweza kutoboa tundu mbili tatu kwenye polithini kabla hajafa, lakini mara nyingi huwa amechelewa.

Kwa mwenye chumba kidogo, faida kubwa ni kwamba mfuko huu hauhitaji upepo. Ikumbi ilitegemea hewa ipite. Mfuko unategemea hewa isipite. Kwa hiyo nafasi ambayo haikufaa kuhifadhi nafaka, ile ya chini ya kitanda, sasa inafaa. Gunia la kilo 90 huchukua nafasi ya lita 125 hivi. Likilazwa, unene wake ni kama sentimita 26. Inua kitanda cha futi nne kwa sita juu ya matofali hadi mwanya ufike sentimita 40, tandika mbao chini ili gunia lisiguse sakafu, na magunia matatu yataingia bila shida, la nne kwa kubanana. Mkenya hukadiriwa kula karibu gunia moja la mahindi kwa mwaka. Familia ya watu wanne inaweza kulala juu ya mwaka wake.

Weka mwanya kati ya magunia na ukuta upate kuona panya, kwa sababu panya huitoboa polithini bila kusita. Usifungue gunia kila siku kuchota mahindi ya ugali wa jioni, maana kila ukifungua unawarudishia wadudu pumzi. Toa mahindi ya wiki mbili, uyatie kwenye ndoo yenye kifuniko, kisha kamua na ufunge upya.

Yote hayo hayana kazi ikiwa mahindi ni mabichi. Mfuko huufungia unyevu ndani kama unavyoifungia hewa nje. Unyevu usizidi asilimia 13.5, na kama huna kipimo cha kukuambia umefika, chumvi itakusaidia kwa sehemu. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko vitatu vya chumvi iliyoanikwa vizuri, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani, juu ya turubai. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Yape jua la siku moja au mbili zaidi, kisha uite mtu akushikie mdomo wa mfuko.