Kabureta hadi EFI: Seti pungufu hugandisha mtaji

WAFANYABIASHARA wa Korogwe na Handeni wanaosomba mahindi, machungwa na bidhaa za madukani kwa pikapu za zamani wana hesabu ngumu mbele yao. Waendelee kutengeneza kabureta iliyochoka, au wakusanye vifaa vya kuigeuza injini itumie nozeli zinazoongozwa na kompyuta, mfumo unaojulikana gereji kama EFI?

Kinachosukuma mageuzi hayo ni soko lenyewe. Spea halisi za kabureta zinazidi kuwa adimu, na zile za kuiga hazidumu. Kwa upande wa pili, magari ya Japani yaliyotumika, ambayo yalianza kuingia nchini baada ya serikali kuruhusu mwaka 1984 uagizaji kwa fedha za mwagizaji mwenyewe, yamekuja na injini za EFI kwa wingi. Gari likigongwa au bodi ikioza, vifaa vyake huishia kwa wauza spea za mtumba.

Kampuni ya Toyota ilirahisisha kazi hiyo bila kukusudia. Injini ya 22R ya Hilux ilitolewa kwa kabureta, na ndugu yake 22R-E kwa nozeli. Ndivyo ilivyo kwa 4Y na 4Y-E. Herufi E mwishoni ndiyo alama ya mfumo wa EFI, na mnunuzi anapaswa kuitafuta kwanza kabla ya kuuliza bei.

Njia ya spea

Chimbuko kubwa la vifaa hivyo ni Dar es Salaam, hasa maduka ya Gerezani. Korogwe ina nafuu kwa kuwa ipo kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, hivyo mzigo mdogo hufika kwa basi. Handeni ipo pembeni. Mzigo huingia kupitia Mkata, kilomita 54, au kupitia Korogwe, kilomita 65. Umbali si mkubwa, lakini kila kifaa kilichosahaulika kinamaanisha nauli nyingine na siku nyingine gari limesimama Chanika bila kazi.

Hapo ndipo mitaji inapopotea. Wengi hununua kidogo kidogo: nozeli duka hili, kontroboksi duka lile, wayaringi kwa mtu wa tatu. Vifaa vikikutanishwa havielewani. Kontroboksi ya injini inayopima hewa kwa kikombe cha kupimia hewa haifanyi kazi na sensa ya mvuto wa manifodi. Hata ya gari la giaboksi ya otomatiki inaweza kuleta usumbufu ikifungwa kwenye gari la gia za mkono.

Seti kamili

Seti inayostahili kulipiwa hutoka kwenye gari moja. Iwe na manifodi ya kuingiza hewa pamoja na throto, nozeli na bomba lake, kirekebisha shinikizo, kifaa cha kupimia hewa, sensa zote, distribyuta, kontroboksi, rilei, na wayaringi ambayo haijakatwa. Wayaringi iliyokatwa kwa kisu ili kurahisisha kuitoa hugharimu siku nyingi za fundi umeme, na mara nyingi ndiyo chanzo cha gari kuzima njiani.

Mafuta nayo yanahitaji mpango mpya. Pampu ya kabureta husukuma kwa shinikizo lisilofika nusu baa, wakati nozeli za injini hizo zinataka takriban baa 2.5 hadi 3. Lazima pampu ya umeme inunuliwe, hozi za zamani zitolewe zote, na bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi lifungwe. Anayebana matumizi hapa anacheza na moto, kwa maana halisi ya neno.

Kupima kabla ya kulipa

Mnunuzi mwenye mita ya kawaida ya umeme anaweza kujikinga. Nozeli nyingi za Toyota za upinzani mkubwa husoma karibu omu 14. Isiyosoma kitu imekufa. Sensa ya joto la maji husoma omu 2,000 hadi 3,000 ikiwa baridi, kisha hushuka hadi omu mia chache ikitumbukizwa kwenye maji ya moto.

Baada ya kufunga, mashine ya kupimia si lazima. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku cha majaribio karibu na injini. Fundi akiunganisha tundu TE1 na E1 kwa kipande cha waya, taa ya injini humweleza tatizo kwa kuwakawaka: 12 ni ishara ya mzunguko kutoka kwenye distribyuta, 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni kipimo cha hewa. Kwa sababu hiyo kisanduku hicho kisiachwe dukani.

Hesabu ya faida

Kwa kuwa bei ya petroli hubadilika kila EWURA inapotangaza bei kikomo za mwezi, ni salama kuhesabu kwa lita. Chukua mfano wa pikapu inayokwenda Handeni na kurudi Korogwe, kilomita 130. Ikitumia lita moja kwa kilomita 8, safari hula lita 16.25. Ikiwa mfumo mpya utaifikisha kilomita 9.2 kwa lita, itatumia lita 14.13. Nafuu ni lita 2.12 kwa safari.

Kama vifaa na ufundi vimegharimu fedha sawa na lita 600 za petroli, zinahitajika safari 283 kurudisha mtaji. Anayesafiri mara 6 kwa wiki atazimaliza kwa wiki 47. Anayesafiri mara 2, siku za gulio tu, atasubiri zaidi ya miaka 2 na nusu. Huyo wa pili anafanya vema kununua kabureta nzuri na kubaki na fedha zake.

Kwa mwenye duka la spea, somo ni hilo hilo kwa upande wa pili wa kaunta. Seti kamili inayouzwa pamoja huondoka kwa bei nzuri na mteja harudi kulalamika. Ikinyofolewa kontroboksi au pampu, yaani vile vinavyotoka haraka, kinachobaki ni chuma cha kukaa rafuni.

Jambo la mwisho ni karatasi. Anayebadilisha injini nzima badala ya mfumo wa mafuta peke yake akumbuke kuwa namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo taarifa TRA zirekebishwe. Adai pia risiti ya EFD. Spea isiyo na risiti inaweza kuwa imenyofolewa kwenye gari la mtu, na ikidaiwa, mtaji wote huondoka nayo.