Kibodi Isiyoitika, Mtoto Asiye na Hatia

Ndugu wawili wachezapo kwenye kompyuta moja, mara nyingi huzuka ugomvi: mmoja hudai amebonyeza kitufe, na kibodi haikuitika. Wazazi wenzetu, tusiharakishe kumwita mwongo wala kumrudi kwa kuharibu mali. Tubainishe kwanza.

Kibodi kubwa ina vitufe zaidi ya 100, lakini si kila kitufe chenye waya wake pekee. Nyaya zake hupishana kama kimia cha nyavu, na kila kitufe hukaa pale mbili zinapokutana. Vikibonyezwa pamoja vitatu vilivyo kwenye pembe tatu za mstatili, umeme huzunguka, na kitufe cha pembe ya nne huonekana kana kwamba nacho kimebonyezwa. Ili kuepuka ushahidi huo wa uongo, kibodi nyingi hukipuuza kitufe cha tatu. Baadhi ya zile za bei huwekewa dayodi kwenye kila kitufe, kijisehemu kipitishacho umeme upande mmoja tu, na utata huondoka.

Basi kijaribuni kitufe hicho peke yake. Kikiitika, si kibovu, na mtoto hakukiharibu. Kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa ni haki yake. Allah atujaalie uadilifu majumbani mwetu. Amin.