Je, Wajua? Maafa Yaliyopita Njia ya Tabora na Ujiji

Je, wajua kwamba Aprili 1872 mafuriko yaliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na pwani? Mwezi uliotangulia mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikuwa ameagana na mmisionari David Livingstone kule Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akashika njia ya Bagamoyo. Alipofika bonde la Mkata alikuta limejaa maji. Mji wa Simbamwene, karibu na Morogoro ya leo, ulikuwa na boma la mawe lililosifiwa njia nzima, lakini mto ulikuwa umebomoa sehemu ya boma hilo na kuzoa nyumba za watu. Mwezi huohuo kimbunga kiliivamia Zanzibar, kikaangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja majahazi bandarini. Boma lile la Simbamwene lilijengwa kwa kumhofia adui mwenye bunduki, nalo likabomolewa na mto uliokuwa jirani siku zote.

Je, wajua kwamba Ziwa Tanganyika liliwahi kufunika sehemu ya soko la Ujiji? Mwaka 1871 Stanley aliona miti mitatu imesimama pale sokoni, kwenye nchi kavu. Aliporudi mwaka 1876 miti ile ilikuwa ndani ya ziwa. Sababu ilikuwa ng'ambo ya pili, upande wa Kongo: mto Lukuga, mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa hilo, ulikuwa umezibwa na tope na mafunjo. Ziwa likapanda mwaka hadi mwaka. Mnamo 1878 kizuizi kilizibuka, na katika miaka iliyofuata maji yakashuka kiasi cha mita 10. Ziwa lilipanda tena baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962. Na kati ya 2020 na 2024 lilipanda kwa mara nyingine, likawatoa watu majumbani mwao Kigoma, Bujumbura na Uvira.

Kwa hiyo tunaposema ziwa limewavamia watu, tukumbuke kwamba mara nyingi linarudi lilikowahi kufika. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Anayenunua kiwanja Ujiji apime mita hizo, kisha awaulize wazee wa mtaa maji yalifika wapi walipokuwa watoto. Swali hilo halina gharama, na laweza kuokoa nyumba.

Tabora kwenyewe adui mkubwa ni ukame. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, takriban Novemba hadi Aprili. Ikikosekana, mpaka mwaka upite. Je, wajua kwamba Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa na mpango wao wa dharura kabla ya serikali yoyote kuandika wake? Mvua zikianza, kaya au kijiji hutenga eneo la malisho liitwalo ngitili, mifugo isiguse. Katikati ya kiangazi, majani yanapokwisha kwingine, ndipo hufunguliwa. Desturi hiyo ilidhoofika miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijijini, kisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, ukaifufua, na vichaka vikarudi penye vumbi.

Jikoni kuna akiba nyingine. Viazi vitamu vikishavunwa, akina mama humenya, hukata vipande vyembamba na kuvianika juani mpaka vikauke kabisa: hiyo ni michembe. Vikichemshwa kwanza, ndipo vikatwe na kuanikwa, ni matobolwa, ambayo mtoto huyatafuna hivihivi bila kuwasha moto. Michembe huchemshwa na kuungwa kwa karanga. Vyakula hivi vikitunzwa pakavu, hukaa miezi mingi. Inasikitisha kuona vijana wa mjini wakividharau kama chakula cha shida, maana kaya yenye gunia la michembe darini haitaombaomba Februari.

Je, wajua kwamba Tabora imekaa juu ya mwamba wa kale sana, na Bonde la Ufa limegawanyika mikono miwili, mmoja ukapita mashariki yake na mwingine magharibi? Ndiyo maana matetemeko makubwa hutokea pembeni. Lile la Rukwa la Desemba 1910 lilifikia ukubwa wa 7.4. La Bukoba, Septemba 2016, lilikuwa dogo kuliko hilo, 5.9, lakini liliua watu 17, na nyumba nyingi zilizobomoka zilikuwa za tope au matofali yasiyofungwa kwa nondo wala lenta.

Jambo la mwisho ni majirani. Sungusungu, walinzi wa jadi walioanzia Nzega na Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, walijipanga ili yowe likipigwa kila mwanamume mwenye nguvu atoke. Mtandao wa namna hiyo unafaa pia kwa mto uliofurika au moto uliokamata paa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Msomaji, mwulize mwenyekiti wako kama kamati yenu ipo na inakutana lini. Zibueni mitaro Oktoba, sikilizeni angalizo na tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na kila mtoto nyumbani aijue namba ya Zimamoto na Uokoaji: 114.