Maji ya Makutupora Hayafuati Wastani wa Mvua

Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zinakumbukwa Afrika Mashariki kwa madaraja yaliyong'oka na mazao yaliyooza shambani. Huko Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, zilifanya pia kazi ambayo hakuna aliyeiona kwa macho: zilijaza upya maji ya ardhini.

Ushahidi umo kwenye madaftari ya vipimo. Tangu miaka ya 1950 wataalamu wamekuwa wakipima usawa wa maji katika visima vya eneo hilo, na mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Richard Taylor wa University College London walichapisha kumbukumbu ya miaka 55. Barani Afrika, kumbukumbu ndefu kiasi hicho ni lulu. Kazi yenyewe haina mbwembwe. Mpimaji anateremsha utepe wenye kihisio ndani ya kisima. Kikigusa maji, kifaa kinalia. Anasoma mita, anaandika, anaelekea kisima kingine. Lakini namba hizo zikichorwa kwa mfululizo, mchoro wake unashangaza: usawa wa maji hushuka taratibu miaka kadhaa, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida huupandisha kwa ghafla. Misimu mingi ya katikati haiongezi kitu cha maana. Ni kihenge kinachojazwa mara moja na kuliwa kwa miaka, bila mwenye nyumba kujua mavuno yajayo ni lini.

Sababu iko juu ya ardhi. Dodoma hupata takribani milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, ilhali jua na upepo wake vinaweza kukausha zaidi ya milimita 2,000. Mvua ya kawaida huishia kwenye udongo wa juu, mizizi ikainywa na iliyobaki ikawa mvuke. Ili maji yafike kwenye mwamba uliolika na kupasuka huko chini, lazima udongo ushibe kwanza, au maji yakusanyike makorongoni. Utafiti wa karibuni umeonesha kuwa njia hii ya pili ndiyo yenye uzito Makutupora: Mto Kinyasungwe Mdogo, ambao kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, ukipata maji huyazamisha kupitia kitanda chake.

Sasa tuseme mkulima wa zabibu amechimba kisima. Mafundi wamepampu kutwa kucha, wakamwambia kinatoa lita 10,000 kwa saa, naye anapima shamba kwa kufuata namba hiyo. Hapo ndipo mipango mingi inapoharibika. Jaribio la pampu linaonesha kasi ya maji kupenya kwenye mwamba hadi kufika kisimani. Kiasi kinachoingia ardhini ni suala lingine kabisa.

Tuchukue hesabu ya mfano. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni lita 10,000, hivyo zao linalohitaji milimita 500 za umwagiliaji kwa mwaka litakunywa lita milioni 5 kwa hekta. Ikiwa ardhi ya hapo huzamisha wastani wa milimita 10, hekta moja ya shamba inategemea maji ya hekta 50. Jirani naye ana kisima chake, na jiji la Dodoma linachota Makutupora hiyohiyo.

Mipira ya umwagiliaji wa matone inasaidia, ila si kwa kiwango kinachotangazwa na wauzaji. Sehemu ya maji yaliyokuwa yakipotea kwenye mifereji ilikuwa ikirudi ardhini, na mkulima akiokoa maji mara nyingi huongeza ekari. Pampu ya sola nayo ina mtego wake: dizeli ilimlazimisha mtu kuzima pampu, jua halidai hela.

Kisheria, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inadai kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde, ambalo kwa Makutupora ni Wami/Ruvu. Kibali bila vipimo vya kisima, hata hivyo, ni karatasi tu.

Mpango wenye akili huanza na kipindi kirefu zaidi cha kushuka kwa maji kilichowahi kurekodiwa, kisha huuliza kama pampu bado itakuwa majini mwishoni mwake. Mzabibu huishi miaka mingi na haungoji El Niño ijayo, kwa hiyo eneo lake lipimwe kwa miaka hiyo mibaya. Nyanya na vitunguu vinaweza kupanuliwa baada ya msimu mkubwa, na kupunguzwa kila utepe unapoonesha maji yameteremka chini ya alama iliyokubaliwa na wenye visima wote wa eneo hilo.